Ndevu, sauti na upara: homoni ni ile ile, mbona kila kiungo kinaitikia kivyake?

Wanajukwaa, salaam.

Mwanamume mmoja anaweza kuwa na ndevu zilizomjaa mpaka shingoni, na papo hapo utosi wake ukawa hauna hata unywele mmoja. Damu inayopita kidevuni ndiyo hiyo hiyo inayopita utosini, na homoni iliyomo haibadiliki kwa kupanda sentimita chache kwenda juu. Kidevuni homoni hiyo imeotesha, utosini imenyausha. Nimeanza na jambo hili kwa sababu linapingana waziwazi na maelezo yaliyozoeleka katika mijadala yetu, kwamba testosteroni, yaani hiyo homoni ya kiume, ikiwa nyingi mtu huwa na ndevu nyingi, sauti nzito na misuli minene, na ikiwa chache huvikosa vyote kwa mkupuo. Mambo hayaendi hivyo. Homoni hupeleka ujumbe tu. Tishu inayoupokea ndiyo inayoamua utekelezwe vipi, na katika uzi huu ningependa tuufuate uamuzi huo kiungo kwa kiungo.

Sifa za pili za kijinsia kwa mwanamume ni yale mabadiliko ya balehe yanayomtofautisha na mwanamke nje ya viungo vya uzazi vyenyewe: ndevu na sharubu, nywele za kifuani, sauti nzito na kikoromeo kinachojitokeza, mabega mapana, misuli mikubwa, mifupa minene, na ngozi yenye mafuta mengi zaidi. Kwamba chanzo chake ni korodani, wafugaji walilijua tangu kale, kwa kuwa walimwona maksai akikua tofauti kabisa na fahali wa zizi lile lile. Kisichojulikana kilikuwa njia ambayo korodani huutumia mwili mzima amri zake.

Njia hiyo ilianza kuonekana mwaka 1849 huko Göttingen, Ujerumani, pale Arnold Adolph Berthold alipowafanyia upasuaji majogoo wachanga sita. Wale aliowaacha bila korodani hawakuwika wala kupigana, na vilemba vyao vyekundu vya kichwani vilibaki vidogo. Wale aliowapandikizia korodani tumboni, zikiwa zimekatwa kutoka kwenye mishipa yote ya fahamu, walikua wakawa majogoo kamili. Kwa kuwa mishipa ya fahamu haikuwepo, kilichobaki kubeba ujumbe kilikuwa damu.

Miaka 40 baadaye, mwaka 1889, daktari mashuhuri Charles-Édouard Brown-Séquard, akiwa na umri wa miaka 72, alitangaza kwamba alikuwa amejidunga maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za wanyama na kwamba nguvu za ujana zilikuwa zimemrudia. Leo tunafahamu kwamba korodani haziweki akiba ya testosteroni, na kwamba homoni hiyo haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo alichojidunga hakikuwa na dawa ya kutosha kubadili chochote. Kilichofanya kazi kilikuwa imani yake. Wauzaji wa dawa za nguvu za kiume wanaotangaza biashara zao leo wana babu yao.

Uchimbuzi wa kweli ulikuwa wa taabu zaidi. Mwaka 1931 Adolf Butenandt alichuja lita 15,000 za mkojo wa askari polisi ili kupata miligramu 15 tu za androsteroni, homoni ya kiume iliyo dhaifu. Mwaka 1935 kundi la Ernst Laqueur mjini Amsterdam lilitenga testosteroni yenyewe kutoka korodani za mafahali, na katika mwaka huo huo Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja kwa upande wake, wakaitengeneza maabara kutokana na kolesteroli. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1939.

Sasa tuingie mwilini. Amri ya kwanza hutoka ubongoni, katika sehemu iitwayo haipothalamasi, ambayo huachilia homoni ya kuamsha tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Huiachilia kwa mikupuo yenye mapumziko katikati, na mdundo huo una maana kubwa: homoni hiyo ikimwagwa mfululizo bila kupumzika, pituitari huacha kuitikia na korodani hunyamaza. Madaktari huutumia ukweli huu kuisimamisha balehe iliyokuja mapema mno, na pia kuzuia testosteroni kwa wagonjwa wa saratani ya tezi dume. Pituitari inapoamshwa ipasavyo hutoa homoni mbili. Moja, inayofupishwa LH, huzifikia seli za Leydig ndani ya korodani, ambazo hutengeneza testosteroni. Nyingine, FSH, huzihudumia seli za Sertoli, zile zinazolea mbegu za kiume.

Mfumo huu hauanzi kazi wakati wa balehe. Mtoto wa kiume angali tumboni, kuanzia takriban wiki ya 8, korodani zake tayari hutoa testosteroni inayojenga viungo vyake vya uzazi. Baada ya kuzaliwa mfumo huamka tena kwa miezi michache ya kwanza, kiasi kwamba mtoto wa miezi miwili anaweza kuwa na testosteroni inayokaribia ya kijana anayebalehe, kisha hulala kwa miaka kadhaa. Mtoto huyo mchanga haoti ndevu wala sauti yake haiwi nzito. Hapo tayari wazo la kwamba homoni ikiwepo sifa zitafuata lina ufa, maana tishu zenyewe zinahitaji muda na maandalizi ili ziitikie.

Kinachoufufua mfumo huo bado kinachunguzwa, ila kiungo kimoja muhimu kilijulikana mwaka 2003, pale ilipoonekana kwamba watu waliozaliwa na kasoro katika kipokezi (sehemu ya seli inayopokea ujumbe) cha protini iitwayo kisipeptini hawabalehe. Mikupuo ya kwanza ya balehe hutokea usiku, kijana akiwa usingizini, na ni baadaye tu inapoenea mchana kutwa.

Kiasi chenyewe ni kidogo. Korodani za mtu mzima hutengeneza miligramu 5 hadi 7 hivi za testosteroni kwa siku. Kipimo cha damu cha mwanamume mzima kwa kawaida huwa kati ya nanogramu 300 na 1,000 kwa desilita, na cha mwanamke kati ya 15 na 70 hivi. Takriban asilimia 2 tu ndiyo huelea huru. Sehemu iliyobaki hubebwa na protini za damu. Mwanamume mwenye 350 na mwenzake mwenye 900 wote ni wazima, na huwezi kuwatofautisha kwa kuwatazama ndevu.

Testosteroni ikishaingia ndani ya seli hukabiliwa na njia tatu. Inaweza kushikamana moja kwa moja na kipokezi chake na kuamsha jeni, kama ifanyavyo katika misuli. Inaweza kugeuzwa na kimeng'enya kiitwacho 5-alfa-reduktesi kuwa dihaidrotestosteroni, ambayo hukishika kipokezi hicho hicho kwa nguvu zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Hii ndiyo njia ya ngozi, ndevu na tezi dume. Au inaweza kugeuzwa na kimeng'enya cha aromatesi kuwa estradioli, ambayo ni estrojeni, yaani homoni tuliyozoea kuiita ya kike. Mwili wa mwanamume unaihitaji estrojeni, na bila hiyo haukamiliki.

Ushahidi wa njia hizi haukutoka maabara peke yake. Mwaka 1974 Julianne Imperato-McGinley na wenzake walieleza kuhusu familia za kijiji cha Salinas katika Jamhuri ya Dominika, ambamo baadhi ya watoto wenye kromosomu za kiume walizaliwa na viungo vya nje vilivyofanana na vya kike, wakalelewa kama wasichana, na walipofikia balehe uume ukakua, sauti ikawa nzito na misuli ikajengeka. Watoto hao walikuwa na testosteroni ya kutosha, lakini hawakuwa na kimeng'enya cha kuigeuza kuwa dihaidrotestosteroni. Kinachovutia ni yale waliyoyakosa hata baada ya kubalehe: ndevu zao zilikuwa haba, tezi dume ilibaki ndogo, na upara wa kiume haukuwapata. Kwa maneno mengine, maumbile yenyewe yaliichambua orodha ya sifa za kiume na kuonyesha ipi inadai testosteroni na ipi inadai zao lake, dihaidrotestosteroni. Ugunduzi huo uliwaelekeza watafiti kwenye dawa ya finasteridi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya uvimbe wa tezi dume na mwaka 1997 kwa ajili ya upara.

Kwa upande wa estrojeni, mwaka 1994 ilichapishwa taarifa ya mwanamume wa miaka 28 aliyekuwa na urefu wa sentimita 204 na ambaye alikuwa angali anarefuka. Testosteroni yake ilikuwa ya kawaida, sauti na ndevu zilikuwepo, ila vipokezi vyake vya estrojeni havikufanya kazi, na kwa sababu hiyo gegedu za ukuaji zilizo kwenye ncha za mifupa hazikufunga. Kabla ya hapo wengi waliamini kwamba testosteroni ndiyo inayosimamisha urefu wa mvulana. Kazi hiyo hufanywa na estrojeni iliyotokana na testosteroni, na ndiyo maana waimbaji wa Italia waliohasiwa utotoni, waliokosa homoni zote mbili, walijulikana kwa miguu na mikono mirefu isiyo ya kawaida.

Ushahidi mzito kuliko wote, kwa maoni yangu, ni ule wa watu ambao kipokezi chenyewe cha testosteroni hakifanyi kazi kabisa. Jeni ya kipokezi hiki imo katika kromosomu X, ile anayoipata mvulana kutoka kwa mama yake. Mtu mwenye hali hii ana kromosomu X na Y, ana korodani zilizofichika mwilini, na testosteroni yake iko katika kiwango cha wanaume au hata juu yake. Hata hivyo umbo lake la nje ni la kike kabisa: hana ndevu, sauti haivunjiki, hapati upara, na matiti hukua kwa sababu testosteroni hiyo inaendelea kugeuzwa kuwa estrojeni. Ujumbe umejaa tele katika damu, lakini hakuna wa kuupokea.

Nije kwenye mpangilio wa balehe, kwa kuwa hapa ndipo wazazi wengi hukosea kwa kusubiri sauti au ndevu ndipo waseme mtoto ameanza kubalehe. Dalili ya kwanza haionekani nguo zikiwa mwilini. Ni kukua kwa korodani kufikia ujazo wa mililita 4, na kwa wavulana wengi hutokea kati ya miaka 9 na 14. Daktari hupima kwa kifaa chenye vipande vya umbo la yai vilivyotungwa kwenye uzi mfano wa tasbihi, kuanzia mililita 1 hadi 25. Hushika korodani kwa mkono mmoja na kipande kwa mwingine mpaka apate kinacholingana. Nywele za sehemu za siri na kukua kwa uume hufuata. Kasi ya kurefuka hufikia kilele takriban miaka miwili baadaye, kwa sentimita 9 au 10 hivi kwa mwaka. Wasichana hurefuka mapema zaidi, ndiyo sababu darasa la watoto wa miaka 12 huwa na wasichana wanaowazidi wavulana kimo.

Harufu ya kwapa na nywele chache zinazotangulia si ushahidi kamili wa balehe. Tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, huanza kutoa homoni zao dhaifu kati ya miaka 6 na 8 hivi, bila kuzisubiri korodani.

Sauti inastahili maelezo marefu kidogo. Gegedu za zoloto, yaani kisanduku cha sauti kilicho kooni, zina vipokezi vya testosteroni, na wakati wa balehe hupanuka na kusukumwa mbele, ndipo kikoromeo kinapoonekana. Nyuzi za sauti zilizofungwa ndani yake hurefuka na kunenepa, na uzi mrefu na mnene hutikisika polepole: sauti ya mwanamume mzima hutetema mara 100 hadi 130 hivi kwa sekunde, wakati ya mwanamke hukaribia mara 200. Kukwaruza na kuruka kwa sauti, jambo linalowaaibisha vijana wanaposimama kusoma mbele ya wenzao, hutokea kwa sababu ala imebadilika ukubwa na misuli inayoiendesha bado inatumia vipimo vya zamani. Kwa wengi hutulia ndani ya miezi kadhaa.

Mabadiliko haya ya zoloto hayarudi nyuma. Mwanamume anayepoteza korodani akiwa na miaka 40 hubaki na sauti yake nzito, na mwanamke anayetumia homoni za kujenga misuli sauti yake ikishashuka, haipandi tena hata akiziacha. Kwa hiyo kuna sifa zinazojengwa mara moja na kubaki, na kuna zinazohitaji kulishwa kila siku. Zoloto, urefu na upana wa mabega ni za kundi la kwanza. Misuli, wingi wa chembe nyekundu za damu, mafuta ya ngozi na hamu ya tendo la ndoa ni za kundi la pili, na testosteroni ikiondoka hupungua. Ndevu ziko katikati: kinyweleo (kishimo cha ngozi kinachootesha unywele) kikishaanza kuotesha unywele mnene hakirudi kirahisi kuotesha ulio laini, ila kasi ya kuota hupungua.

Ndevu zenyewe huja mwishoni. Huanzia pembe za mdomo wa juu, zikaenea juu ya mdomo mzima, zikapanda sehemu ya juu ya mashavu, na hatimaye zikafika kidevuni. Wanaume wengi huendelea kujaza ndevu mpaka miaka yao ya ishirini na kitu na hata zaidi, ingawa testosteroni yao ilishafika kilele kitambo.

Naomba niishie hapa kwa sasa. Maswali yanakaribishwa.

MCHANGIAJI: Ahsante sana mtoa mada kwa elimu hii. Mimi ni mama wa mvulana aliyetimiza miaka 14 na miezi kadhaa. Ni mfupi kuliko wenzake na sauti yake bado ni ya kitoto. Baba yake anasema hata yeye alichelewa. Nisubiri au nimpeleke hospitali?

MTOA MADA: Dada yangu, maneno ya baba yake ni taarifa ya kitabibu, uyapeleke kwa daktari kama yalivyo. Sababu iliyo ya kawaida zaidi ya kuchelewa kwa wavulana ni mwendo wa kifamilia, ambapo mtoto hubalehe kikamilifu lakini kwa kuchelewa. Hata hivyo mpaka unaotumika ni miaka 14: korodani zikiwa bado hazijafikia mililita 4 katika umri huo, mtoto anapaswa kuchunguzwa, na kwa hiyo muda wa kusubiri nyumbani umepita. Uchunguzi wa mwanzo si wa kutisha. Hupimwa homoni, hupigwa picha ya eksirei ya mkono wa kushoto ili kuona umri wa mifupa, na hupimwa korodani. Huenda zimeshaanza kukua nanyi hamjui.

Jambo moja unaloweza kumwuliza mwenyewe: je, ananusa vizuri? Seli za ubongo zinazotoa homoni ya kuamsha pituitari huanzia puani mtoto akiwa tumboni na kusafiri hadi haipothalamasi. Kwa watoto wachache safari hiyo haikamiliki, na matokeo yake hawabalehe wala hawanusi harufu. Hali hiyo hutibika kwa homoni. Kwa faida ya wengine niongeze kwamba mvulana anayeanza kubalehe kabla ya miaka 9 naye achunguzwe, tena upesi, kwa sababu kwa wavulana balehe ya mapema mno mara nyingi zaidi huwa na ugonjwa nyuma yake kuliko kwa wasichana.

MCHANGIAJI WA PILI: Mkuu, nina miaka 24 na kidevuni nina nywele za kuhesabika, wakati mdogo wangu ana ndevu kama za mzee. Kuna mtu wa mazoezi ameniambia sindano chache za testosteroni zitanimalizia tatizo. Unasemaje?

MTOA MADA: Ndugu yangu, kama sauti yako ilivunjika, misuli ipo na mambo mengine yako sawa, yaelekea kipimo chako cha testosteroni kitarudi kikiwa cha kawaida, kwa sababu tofauti kati yako na mdogo wako imo katika vinyweleo na jeni zenu. Kuongeza ujumbe kwa kinyweleo kisichoitikia sana hakukifanyi kiitikie zaidi.

Gharama ya sindano hizo ni kubwa kuliko unavyoambiwa. Ubongo huipima testosteroni iliyomo katika damu bila kuuliza imetoka wapi. Ukijidunga, haipothalamasi na pituitari huona imetosha na kunyamaza. LH na FSH hushuka karibu na sufuri, korodani husinyaa, na utengenezaji wa mbegu hukoma au kupungua sana. Watu hushangaa kusikia kwamba testosteroni inaweza kumfanya mwanamume asitungishe mimba, ila ndani ya korodani homoni hii kwa kawaida huwa nyingi mara kadhaa kumi kuliko katika damu, na mbegu hutegemea wingi huo, ambao sindano haiwezi kuufikia. Athari hiyo ni ya uhakika kiasi kwamba Shirika la Afya Duniani liliwahi kuzifanyia majaribio sindano za testosteroni kama njia ya uzazi wa mpango kwa wanaume, na zikafanya kazi. Ukiacha kuzitumia, mbegu hurudi kwa wengi, lakini huweza kuchukua miezi mingi, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Zaidi ya hayo, damu huweza kuwa nzito kwa wingi wa chembe nyekundu, na kwa kijana ambaye bado anarefuka, estrojeni inayotokana na sindano hizo hufunga gegedu za mifupa kabla ya wakati na kumwacha mfupi.

MCHANGIAJI WA TATU: Mimi nina upara na siku zote nimejifariji kwamba sisi ndio wenye homoni nyingi. Usituharibie.

MTOA MADA: Mzee wangu, shikamoo. Faraja hiyo ina nusu ya ukweli. Mwaka 1942 James Hamilton alichapisha uchunguzi wake kuhusu wanaume waliopoteza korodani kabla ya kubalehe. Hawakupata upara, hata wale ambao ndugu zao walikuwa nao. Lakini walipopewa testosteroni, wale wenye upara katika ukoo ndio walioanza kupoteza nywele, na wengine hawakupoteza. Kwa hiyo homoni lazima iwepo, lakini wingi wake si hoja, na damu ya wenye vipara kwa jumla haina testosteroni zaidi ya ile ya wenye nywele. Tofauti imo katika vinyweleo vya utosini, ambavyo kwa urithi huitikia dihaidrotestosteroni kwa kusinyaa kidogo kidogo.

Madaktari wa kupandikiza nywele waliithibitisha hoja hii kwa njia nyingine. Mwaka 1959 Norman Orentreich alionyesha kwamba vinyweleo vikichukuliwa kisogoni na kupandwa utosini huendelea kuota kama vilivyokuwa kisogoni, katikati ya eneo lililopata upara. Kinyweleo huhama na tabia yake.

MCHANGIAJI WA NNE: Mwanangu wa miaka 13 ana uvimbe mgumu chini ya chuchu moja, unauma akiguswa. Ameacha kuvua shati mbele ya watu. Je, anageuka?

MTOA MADA: Hageuki. Hii ni estrojeni ile ile niliyoieleza, ikiwa imepanda kwa kasi kuliko testosteroni katika miezi ya katikati ya balehe, na hutokea kwa wavulana wengi sana, huenda nusu yao. Kwa kawaida hupotea yenyewe ndani ya miezi 6 hadi miaka 2. Aonwe na daktari iwapo uvimbe ulianza kabla ya dalili zozote za balehe, unakua haraka, unatoa majimaji, au unaendelea baada ya muda huo huku korodani zikibaki ndogo na ngumu. Hilo la mwisho linaweza kuashiria kromosomu X ya ziada, hali ambayo wengi wenye nayo hukua bila kujijua. Na umwambie mtoto maneno haya waziwazi, maana wavulana wengi hukaa na hofu hii bila kumwambia mtu.

MCHANGIAJI WA TANO: Nimepima testosteroni jana saa kumi jioni nikaambiwa ni 270. Nina miaka 38, uzito umepanda sana. Ndiyo nimekwisha?

MTOA MADA: Kipimo hicho hakitoshi kuamua lolote. Testosteroni hupanda usiku na kuwa juu asubuhi, kisha hushuka kadiri siku inavyosonga. Ndiyo maana hupimwa kabla ya saa nne asubuhi, mtu akiwa hajala, na hurudiwa siku nyingine kabla ya kutamka kwamba ni pungufu. Unene nao unahusika kwa njia mbili: hupunguza protini inayobeba testosteroni, hivyo kipimo cha jumla hushuka hata kama ile iliyo huru haijashuka sana, na kimeng'enya cha aromatesi kilichomo katika mafuta ya mwili hugeuza sehemu yake kuwa estrojeni. Wanaume wengi wanaopunguza uzito huona kipimo kikipanda bila dawa yoyote.

Ukirudia asubuhi na kikabaki chini, omba upimwe LH kwa pamoja. Testosteroni ikiwa chini na LH ikiwa juu, ubongo unapiga kelele na korodani ndizo zisizoweza kazi. Zote mbili zikiwa chini, korodani huenda ni nzima na tatizo liko juu, katika pituitari au haipothalamasi, na matibabu yake ni mengine kabisa, hasa kama bado unataka kuzaa.